Andika Malaria, Daktari: Afya ya Akili Kazini Katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Chukua mfano wa dereva wa magari makubwa, mwenye umri wa miaka 38, anayeingia katika chumba cha tabibu mjini Tarime baada ya kumaliza zamu ya usiku. Hii ni mara yake ya tatu ndani ya miezi miwili. Mara ya kwanza alilalamikia kichwa, mara ya pili tumbo, na vipimo vya maabara havikuonyesha kitu. Safari hii tabibu anaweka kalamu chini na kumwuliza analalaje. Baada ya kimya kirefu, dereva anajibu kwamba hajapata usingizi wa maana tangu mwezi uliopita, kwamba chakula hakina ladha, na kwamba wanawe wakimkimbilia anapofika nyumbani hahisi chochote. Tabibu anamweleza kwamba hali hiyo huitwa sonona, kwamba ni ugonjwa, na kwamba unatibika. Dereva anasikiliza hadi mwisho, kisha anatoa ombi moja tu: "Sawa, Daktari. Lakini kwenye cheti cha kazini, nakuomba uandike malaria."

Dereva huyo ni wa mfano, lakini hofu yake ni ya kweli, na wahudumu wengi wa afya wataitambua. Malaria ni ugonjwa usio na aibu. Huletwa na mbu, hutibiwa kwa dawa za siku chache, na mtu hurudi kazini bila kuulizwa maswali. Sonona, masikioni mwa wengi, ni jina lingine la kichaa. Mwenye malaria huulizwa atarudi lini. Mwenye ugonjwa wa akili huulizwa kama atarudi. Ombi la dereva, kwa hiyo, linahusu kazi yake kuliko ugonjwa wake. Anaogopa kwamba neno moja kwenye karatasi litamwondolea mshahara unaolisha nyumba yake.

Kazi za wilaya mbili

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zina aina nyingi za kazi zinazoichosha akili. Upande wa Tarime kuna mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara katika eneo la Nyamongo, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002, na pembeni yake wachimbaji wadogo wasio na mkataba wala likizo. Kuna Sirari, mji wa mpakani, ambako wafanyabiashara, madereva na mawakala wa forodha huamka na wasiwasi wa mzigo uliokwama. Kuna wakulima wa kahawa, mahindi na ndizi kwenye miinuko, na walimu wa shule za vijijini.

Upande wa Serengeti, mji wa Mugumu unapakana na maisha ya uhifadhi na utalii. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, inawaajiri askari wa uhifadhi, waongoza watalii, wapishi, mafundi na wahudumu wa hoteli. Wengi wao hukaa kambini kwa majuma mengi mbali na familia zao. Askari wa uhifadhi hukabiliana na wanyama wakali na pia na majangili wenye silaha. Nje ya mpaka wa hifadhi, mkulima naye hukesha shambani akilinda mahindi yasiliwe na tembo, na asubuhi huanza siku nyingine ya kazi bila kulala.

Utalii umeonyesha pia jinsi ajira inavyoweza kuyeyuka. Wageni wa kimataifa waliofika Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la UVIKO-19, walishuka hadi takriban 620,000. Nyuma ya tarakimu hizo walikuwapo watu waliorudishwa nyumbani bila kujua kama wangeitwa tena.

Zamu za usiku, upweke, hatari ya kuumizwa, kazi nyingi kuliko muda, na mashaka kuhusu kesho ni mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa sonona, wasiwasi uliopitiliza na ulevi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 asilimia 15 ya watu wazima wa umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili. Linakadiria pia kwamba sonona na wasiwasi huupotezea ulimwengu siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Kwa kipimo hicho, sehemu ya kazi yenye watu 20 ingetarajiwa kuwa na watatu wenye tatizo la aina hii. Ikiwa hakuna hata mmoja anayejulikana, inaelekea kwamba wapo na wamejificha.

Mizizi ya aibu

Unyanyapaa una mizizi katika lugha. Hospitali ya Mirembe, iliyojengwa Dodoma mwaka 1927 na ambayo imewahudumia wagonjwa wa nchi nzima, imegeuzwa na mitaa kuwa neno la kejeli. Mtu akikosea jambo dogo ofisini huambiwa apelekwe Mirembe, na wenzake hucheka. Aliyekaa kimya pembeni, ambaye usiku uliopita hakulala, hupata somo lake hapo hapo: siku akisema, kicheko kitakuwa chake.

Malezi ya wanaume nayo yana nguvu. Miongoni mwa Wakurya, kijana anayetahiriwa hutarajiwa kusimama bila kuonyesha maumivu mbele ya jamaa zake. Ushujaa huo umewasaidia watu katika mengi. Lakini unapohamia kila eneo la maisha, mwanamume hukosa lugha ya kusema kwamba ameelemewa. Badala yake hulalamikia mgongo, kichwa, kifua au nguvu za kiume, huongeza pombe, hutumia bangi ili apate usingizi, au huwa mkali nyumbani. Anayemtibu kichwa peke yake ataendelea kumwona kila mwezi.

Zipo pia imani kwamba ugonjwa wa akili ni laana au kurogwa. Kwa sababu hiyo familia nyingi huanzia kwa mganga wa jadi au katika maombi. Mhudumu wa afya asiwabeze, akiwadharau, hawatarudi. Maombi na faraja ya ndugu vinaweza kwenda pamoja na matibabu. Jambo la kusisitiza ni kwamba dawa zisiachwe, na kwamba mgonjwa asifungwe kamba wala kupigwa.

Jambo gumu zaidi kulikiri ni kwamba unyanyapaa umo pia ndani ya vituo vya afya. Mgonjwa aliyewahi kutibiwa akili akija na maumivu ya kifua, mara nyingine huambiwa ni "mambo yake yale yale," na kifua chake hakipimwi. Wengine huitwa kwa sauti dirishani kwa jina la ugonjwa wao. Mtumishi wa afya aliyeona wenzake wakifanya hivyo hatathubutu kusema siku yeye mwenyewe atakapougua.

Uongo unaoumiza

Je, tabibu aandike malaria? Huruma inaweza kumshawishi akubali, lakini uongo huo humdhuru mgonjwa mwenyewe. Cheti cha malaria humpa siku tatu au nne. Dawa za sonona, kama vile fluoxetine au amitriptyline, kwa kawaida huhitaji majuma mawili hadi manne kabla nafuu haijaanza kuonekana, na huendelea kutumiwa kwa miezi kadhaa baada ya mtu kupona ili ugonjwa usirudi. Dereva atarudi kazini siku ya tano akiwa vile vile alivyokuwa. Akiomba cheti cha pili na cha tatu, msimamizi ataanza kumwona mvivu au mdanganyifu, na hapo atapoteza kazi kwa sababu ya utoro, bila kinga ya sheria inayomlinda mgonjwa.

Kuna madhara ya pili. Uongo ukiingia pia katika vitabu vya MTUHA, takwimu za kituo huonyesha kwamba sonona haipo. Ikiwa haipo kwenye takwimu, dawa zake haziagizwi kwa kiasi kinachotosha, mafunzo hayaombwi, na mganga mkuu wa wilaya hana hoja ya kupeleka kwenye bajeti. Aibu ya mtu mmoja hugeuka upungufu wa huduma kwa wilaya nzima.

Hata hivyo, kuandika "sonona" kwa herufi kubwa kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa karani, mlinzi na msimamizi si haki pia. Siri ya mgonjwa ni yake. Ipo njia ya tatu, nayo ni ya kweli na ya staha: cheti kiseme kwamba mtajwa yuko chini ya matibabu, anahitaji mapumziko ya siku kadhaa, na akirudi asipangiwe kazi fulani kwa muda fulani. Mwajiri anahitaji kujua mfanyakazi anaweza nini na hawezi nini. Jina la ugonjwa linaweza kubaki katika jalada la hospitali hadi mgonjwa mwenyewe aridhie litajwe.

Kwa dereva wa mfano wetu jambo hili ni la usalama wa watu wengi. Amitriptyline huleta usingizi, hasa siku za mwanzo, na sonona yenyewe hupunguza umakini. Tabibu hapaswi kumruhusu aendeshe lori ili tu kumfurahisha. Anapaswa kuandika wazi kwamba asiendeshe mitambo wala kufanya zamu za usiku hadi atakapopimwa tena, na kumweleza kwamba sharti hilo ni la muda.

Sheria inasemaje

Wafanyakazi wengi hawajui kwamba wana ngao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa likizo wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi kuwe na cheti cha daktari. Sheria haikutenga ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa akili. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mbalimbali, ukiwamo ulemavu, na inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kusitisha ajira.

Nayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi na kuhakikisha wanapimwa. Upimaji huo kwa mazoea huangalia macho, masikio na mapafu. Hakuna kinachozuia kuongeza maswali mawili: je, katika majuma mawili yaliyopita umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Anayejibu ndiyo aulizwe zaidi kwa faragha. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, lilijumuisha matatizo ya akili na tabia. Kwa hiyo askari aliyeona mwenzake akiuawa, naye akawa anaamka usiku akipiga kelele, huenda ameumizwa na kazi sawa na aliyevunjika mguu.

Pasipo mkataba sheria hufika kwa shida. Mchimbaji mdogo, kibarua wa shambani na dereva wa bodaboda hawana afisa rasilimali watu wa kumwendea. Kwao kinga ya karibu ni kikundi: chama cha waendesha bodaboda, ushirika wa wakulima, kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi kinachochangia mwanachama aliyelazwa kwa ajali kinaweza kuamua, kwa kauli moja, kwamba kitachangia vivyo hivyo aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili.

Kinachopunguza unyanyapaa

Mabango na fulana za Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, zina faida yake, lakini haitoshi. Mwaka 2022 Tume ya jarida la The Lancet kuhusu kukomesha unyanyapaa katika afya ya akili ilichapisha ripoti yake. Tume hiyo iliongozwa na Graham Thornicroft wa Uingereza na Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe anaishi na skizofrenia. Hitimisho lake kuu lilikuwa kwamba njia yenye ushahidi mkubwa zaidi wa kupunguza unyanyapaa ni watu kukutana na kuzungumza, kwa usawa, na mtu aliyewahi kuugua.

Kwa sehemu ya kazi, matokeo hayo yana maana moja kubwa. Shahidi mwenye nguvu kuliko wote ni mfanyakazi aliyeugua, akatibiwa, akarudi, na sasa anafanya kazi mbele ya macho ya wenzake. Lakini shahidi huyo hawezi kupatikana ikiwa kila anayeugua hupoteza nafasi yake. Mwajiri asianze kwa kuwataka watu wajitokeze na kusema. Aanze kwa kulinda kazi na siri. Ujasiri wa kusema utafuata kwa wakati wake, kwa hiari ya mwenyewe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa Septemba 2022, unafuata mkondo huo. Unapendekeza kubadilisha kwanza mazingira yanayoumiza, kama vile ratiba, wingi wa kazi na unyanyasaji. Kisha wasimamizi wafundishwe kutambua na kusikiliza, wafanyakazi wapewe elimu, na anayerudi baada ya kuugua awekewe utaratibu wa kurejea hatua kwa hatua.

Si lazima mwajiri awe na fedha nyingi. Mwalimu mkuu anaweza kumpunguzia vipindi mwalimu anayerejea kwa mwezi wa kwanza. Msimamizi wa hoteli anaweza kumpangia mhudumu zamu za mchana hadi usingizi wake utengemae, na kiongozi wa kambi anaweza kuhakikisha askari aliyetoka katika tukio la kutisha hapangwi doria peke yake kesho yake. Msimamizi anayeona mfanyakazi hodari ameanza kuchelewa, kukosea hesabu au kugombana anaweza kumwita pembeni na kumwambia: "Nimeona hauko sawa siku hizi. Nipo kukusikiliza, na kazi yako ipo." Vyama vya wafanyakazi, kama TUGHE kwa watumishi wa afya, CWT kwa walimu na TAMICO kwa wa migodini, vinaweza kuyaingiza mambo haya katika mazungumzo ya mikataba ya hali bora.

Pale ambapo wataalamu ni wachache, Zimbabwe imetoa somo. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha wanawake wazee wa jamii kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua matatizo yao, moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuanza kwa majina ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona linalomaanisha kuwaza kupita kiasi. Mtu wa Tarime au Mugumu anayesema "nina mawazo mengi" ameshafungua mlango wa mazungumzo kama hayo.

Wanaowahudumia wengine

Watumishi wa afya na ustawi wa jamii ni wafanyakazi pia. Muuguzi wa wodi ya wazazi aliyempoteza mama usiku hutarajiwa kuendelea na kitanda kinachofuata. Katika nyumba salama za Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti, wahudumu huwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji na husikia habari za maumivu siku baada ya siku. Maumivu hayo huhamia kwa msikilizaji. Kukutana kwa dakika 15 baada ya tukio gumu, bila lawama, na kumwuliza kila mmoja anaendeleaje, ni huduma inayowezekana hata katika zahanati yenye watumishi watatu. Mtumishi anayehitaji matibabu aruhusiwe kutibiwa katika kituo kingine, asikutane na wenzake kwenye foleni.

Kila mhudumu ajue pia kuuliza kuhusu kujiua. Kumwuliza mgonjwa waziwazi kama amefikiria kujitoa uhai hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwafanya wengi wafiche. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Sheria ikiwa vyovyote, wajibu wa mhudumu ni ule ule: asimwache mtu huyo peke yake, ahakikishe sumu na dawa za shambani zimewekwa mbali naye, amshirikishe ndugu anayeaminiwa, na ampatie rufaa siku hiyo hiyo.

Cheti kilichoandikwa

Tabibu wa mfano wetu hakuandika malaria. Alimweleza dereva sababu zake, akamsomea alichotaka kuandika kabla ya kupiga muhuri: "Yuko chini ya matibabu. Apumzike siku 21. Akirejea, asiendeshe mitambo wala kufanya zamu za usiku hadi atakapopimwa tena." Dereva aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja na kuiweka mfukoni. Alipewa dawa na tarehe ya kurudi, na mkewe akaombwa aje naye.

Kinachofuata kiko mikononi mwa mwajiri. Akiipokea karatasi hiyo kama angepokea ya mguu uliovunjika, baada ya majuma machache dereva atakuwa gereji, akikagua matairi na kuandika kumbukumbu za safari mchana, na baadaye atarudi kwenye usukani. Mwenzake atamwuliza alikuwa anaumwa nini. Huenda siku hiyo asijibu. Huenda, miezi kadhaa baadaye, mwenzake huyo huyo akimnong'oneza kwamba naye halali usiku, akamjibu kwa ukweli, na kumwelekeza chumba cha tabibu kilipo.